Milango Iliyotazama Reli

Bhoke mwanangu,

Ninakusalimu kwa salamu ya keshokutwa, maana ninapoandika bado uko hapa, nyuma ya ukuta huu, na ninakusikia ukijigeuza kitandani. Utakapoikuta barua hii chini ya nguo zako utakuwa umeshapita Musoma, na labda umeshapata nafasi ya kunikasirikia. Utakuwa unajiuliza kwa nini baba yako alikuamsha kabla ya jogoo, akakutoa kwa mlango wa nyuma kama mtu anayetorosha mbuzi wa jirani, wala hakukuruhusu umuage baba yako mdogo Mwita, aliyetoka Ringwani kwa miguu ili akusindikize.

Sababu sikuweza kukuambia kwa mdomo. Nyumba yetu ni ya fito na udongo, na Mwita amelala upande wa pili. Anayelala huko husikia hata kijiko kikianguka.

Mambo ya sabuni, ya chakula cha njiani na ya kutompa mtu sanduku lako akushikie, mama yako ameshakueleza mara nyingi. Mimi nitakueleza habari ya hapa kwetu Stesheni. Bila hiyo hutaelewa kwa nini ninamshuku ndugu yangu wa tumbo moja. Tena huko chuoni watakuuliza: wewe unayetaka ukarani wa reli, kwenu kuna reli? Ni vizuri uwe na la kujibu.

Watu wa kupima walikuja wakati Azimio lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unang'oka meno ya utoto. Walifyeka njia iliyonyooka, wakapita katikati ya mashamba ya ulezi na vichaka bila kuzunguka hata jabali, na kila baada ya kipande wakapiga kigingi cha saruji. Pale bondeni wakapiga kimoja kikubwa kuliko vingine na kukipaka rangi nyekundu. Wazee wakauliza kwa nini hiki ni kikubwa. Mpimaji mmoja, akiwa anawasha sigara, akajibu, "Labda hapa patakuwa na stesheni." Kufika jioni, neno "labda" lilikuwa limeshadondoka njiani. Nyumba kwa nyumba watu walisema, "Hapa patakuwa na stesheni."

Mpaka leo sijui kama wale watu walikuwa wanapima reli kweli. Nimesoma baadaye kwamba serikali hupima njia kadhaa kisha huchagua moja, na huenda yetu ilikuwa mojawapo ya zile zisizochaguliwa. Huenda pia walikuwa wanapima kitu kingine kabisa. Niliwaandikia wakubwa Bomani mara mbili. Jibu la kwanza lilisema suala linashughulikiwa. La pili lilisema vivyo hivyo, kwa mwandiko mwingine.

Lakini wakati ule hatukushuku chochote. Familia chache tulihama kutoka mlimani tukaenda kujenga kandokando ya ile njia, kila mmoja akitaka kuwa karibu na kigingi chekundu. Jirani zetu wa Nyarero walikuwa wakitucheka. "Nyie watu wa reli," walituambia sokoni, "leo mmekuja kwa miguu? Garimoshi limeharibika?" Hivyo ndivyo tulivyopata jina la Stesheni, mwanangu. Ni jina tulilopewa na watu waliokuwa wanatucheka, nasi tukalipenda.

Sasa sikiliza habari ya milango, maana ndiyo kiini cha yote. Unajua jinsi sisi Wakurya tunavyojenga mji: zizi katikati, nyumba zinalizunguka, na kila mlango unatazama zizi. Mtu akitoka usiku kujisaidia, cha kwanza anachokiona ni mgongo wa ng'ombe. Mimi nilikuwa nimesomea ualimu, na katika safari zangu za chuo niliwahi kusimama nusu siku kwenye stesheni ya Mwanza. Niliona nyumba zote zimetazama reli. Basi jioni moja nikatoa ubao wa shule nje, nikachora kwa chaki: mstari wa nyumba huku, mstari wa nyumba huku, reli katikati, milango yote inatazama reli, mazizi nyuma. Nikaeleza kwa urefu, kama unavyonijua. Abiria atashuka, ataona milango, atanunua mayai, atanunua maziwa. Watu wakafurahi. Mwita ndiye aliyekuwa wa kwanza kujenga kwa mchoro wangu, kwa sababu nilikuwa kaka yake na nilikuwa nimesoma.

Bibi yako Gati alikataa. Alinifuata na kigoda chake, akakaa mbele ya ubao.

"Mwalimu," aliniita hivyo alipotaka kuniumiza, "hilo garimoshi linakamuliwa?"

"Mama, halikamuliwi. Linaleta watu."

"Watu gani?"

"Wageni."

"Kwa hiyo ng'ombe tuwape mgongo, wageni tuwape uso."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Akaenda kujenga nyumba yake mwishoni mwa mstari, mlango ukiangalia zizi lake dogo, kila nyumba nyingine ikiangalia reli.

Wapimaji walipoondoka walimwacha mtu mmoja alinde vigingi. Huyo ni Ndahani, unayemkumbuka. Alikuwa Mgogo wa upande wa Saranda, amezaliwa kando ya reli ya kati, baba yake alikuwa kwenye genge la kukaza mataruma. Kila jioni alipita ile njia na kandili, kigingi baada ya kigingi. Sisi tulimshuku tangu siku ya kwanza. Mtu analipwa kulinda mawe? Nani anaiba mawe? Lazima kuna kazi nyingine amepewa. Vijana walimkejeli kwa kumwita kijana mwenzao, "Mura, mawe yako yamelala?" naye aliwajibu, "Yamelala, moja tu linakohoa." Wewe ulimfuata kila mahali. Ndiye aliyekufundisha sauti ya garimoshi linapopanda mlima na linapoteremka, nawe ukatusumbua nazo msimu mzima.

Mbwa wetu walimbwekea kila jioni alipopita. Baada ya muda tukazoea. Mbwa wakibweka gizani tulisema, "Ni Ndahani na mawe yake," tukaendelea kula.

Usiku wezi walipokuja, mbwa walibweka. Nilimsikia Mwita nyumbani kwake akiwafokea, "Nyamazeni, ni Ndahani!" Mimi mwenyewe nilijifunika vizuri. Asubuhi miiba ya mazizi ilikuwa imewekwa pembeni kwa utulivu, kama mtu anayefungua zizi lake mwenyewe. Ng'ombe wa mstari wote hawakuwapo, isipokuwa wa bibi yako, kwa sababu yeye alifungua mlango, akawaona watu, akapiga yowe. Sisi wengine tulipotoka kwa lile yowe, tulitokea upande wa reli. Tukasimama pale na mikuki, tukitazama vigingi, na nyuma yetu ng'ombe wanaondoka.

Vijana walifuata nyayo kuelekea kaskazini mpaka mtoni, karibu na mpaka. Nyayo ziliingia majini, wala hawakuziona zilipotokea.

Tukakaa ritongo, ule mkutano wetu wa wazee na wanaume wote wa mji. Walimweka Ndahani katikati. Walisema mwizi aliwajua mbwa wetu, na ni mtu mmoja tu aliyewazoeza mbwa kubweka bure. Ndahani akasema siku ile alikuwa na homa, hakutoka. Hakuna aliyeweza kusema kama ni kweli au uongo. Wakamtaka ale kiapo cha huku kwetu.

"Hicho kiapo sikijui," akasema. "Nitaapaje kwa kitu nisichokijua? Nipeni msahafu, nitaapa."

Mzee mmoja akanigeukia. "Mwalimu, hicho kiapo cha kitabu kinaua?"

"Wenye kitabu chao wanakiogopa," nikasema.

"Kinaua baada ya muda gani?"

"Huko nje ya dunia hii, mzee."

"Basi ni mbali mno. Sisi tunataka ng'ombe wa hapa."

Wakati huo bibi yako alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hasemi, na akasema: "Na milango je? Milango iligeuzwa na Mgogo?"

Kila mtu alinitazama. Nami nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri, Bhoke, kwa utaratibu, na mwisho wa maelezo yangu ulikuwa kwamba mtu akikataa kuapa, wazee wana haki ya kujiuliza kwa nini. Macho yakahama kutoka kwangu yakarudi kwa Ndahani. Hayo yote yalifanyika mbele ya watu wazima wote wa Stesheni, wala si siri. Asubuhi yake aliondoka. Kandili aliiacha imetundikwa kwenye kigingi chekundu, na wewe ulilia mpaka ukatapika.

Uliniuliza baadaye, "Tata, Ndahani aliiba?" Nikakwambia nenda kateke maji. Leo una haki ya jibu, na jibu ni kwamba sijui. Nikifikiri kwamba aliondoka kwa miguu na blanketi moja, naona hakuiba. Nikifikiri kwamba aliondoka upesi, hata hakudai mshahara wake, moyo unarudi palepale. Kushuku kuna tabia hiyo. Ukishamfukuza unayemshuku, umejinyima njia ya kujua. Tungemwacha hapa tungemwona mwaka baada ya mwaka, na miaka ingetuambia.

Baada ya hapo watu waligeuza milango yao, mmoja mmoja, wakiona aibu kutazamana. Mimi sikugeuza. Nilisema mlango si kosa, kosa ni usingizi. Kweli ni kwamba nilikuwa na kiburi. Wale wa serikali walipokuja na operesheni ya kuwakusanya watu vijijini, walikuta huku tumekwishajipanga mistari miwili, imenyooka kama daftari. Bwana mmoja mwenye kofia alitusifu hadharani, akasema tumeelewa ujamaa kabla ya kufundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba tulikuwa tunasubiri garimoshi. Kwa hiyo hatukuhamishwa, tulihamiwa. Waliletwa watu kutoka milimani na mabati yao kichwani, wakauliza kwa nini kijiji hiki kinaitwa Stesheni, na sisi wa zamani tukajifanya hatujasikia.

Sasa nirudi kwa Mwita.

Ng'ombe wake wote waliondoka usiku ule. Ndiyo maana alihamia Ringwani kwa wakwe zake, na mtu kuishi kwa wakwe unajua uzito wake. Mwanawe wa kwanza mpaka leo hajaoa. Kila tunapogombana, hata kama ugomvi ni wa mpini wa jembe, hufika palepale: "Wewe ulichora kwa chaki, kaka, mimi nikalipa kwa ng'ombe."

Siku alipofika juzi nilifurahi kwanza. Kisha nikaanza kusikiliza.

"Nimekuja kumsindikiza mtoto," alisema.

"Mwita, wewe hujamsindikiza hata mwanao zahanati."

"Ndiyo maana naanza na wako, huyu aliyesoma. Nijifunze."

"Mtapita wapi?"

"Nyarero. Tutaondoka mchana, tutalala kwa rafiki yangu, asubuhi tunateremka Bomani kwenye basi."

"Rafiki gani?"

"Unamjua, kaka."

Ninamjua. Ni yule mwenye ng'ombe wengi aliyetuma wazee kiangazi kilichopita wakuombe, nami nikawapa togwa na kuwaambia unasoma. Unaijua desturi ya huku. Msichana akishalala kwenye mji wa mtu, na asubuhi ng'ombe wakaonekana njiani wakielekea kwa baba yake, hakuna ritongo litakalomrudisha. Watasema mahari imepita, baba amechelewa kuamka.

Kisha kuna ile kamba. Mwita amekuja na kamba mpya, ya katani, anasema ni ya kufungia sanduku lako. Nimeipima kwa macho. Ni ndefu kuliko sanduku. Ni kamba ya kufungia ng'ombe wanaopelekwa mbali. Na jana alimuuliza mama yako, "Bhoke ana sanduku moja tu?" Mtu anayeulizia mzigo wa msafiri anataka kujua uzito. Lakini huyu hakuuinua. Aliuliza tu, akaridhika, kama anayethibitisha kwamba unakwenda kweli na kitu chako chote.

Haya, nimeyaandika, na nikiyasoma hapa kwenye taa naona jinsi yalivyo membamba. Rafiki, kamba, swali. Kwa Ndahani tulikuwa na mbwa, homa na kiapo, na tuliona yanatosha. Na huyu ni Mwita. Ndiye aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, mto umejaa, mimi nikiwa mkutanoni naeleza jambo. Leo jioni alikumegea paja la kuku aliloandaliwa yeye. Nilikuona unacheka, na nilipotaka kucheka nikaitazama ile kamba.

Nilifikiri nimwite nimwulize. Nikajua nitakavyouliza: kwa maelezo marefu, na mwisho wa maelezo atakuwa mwizi. Kama hana kosa, nitakuwa nimempoteza ndugu. Kama analo, atakataa, na atapata njia nyingine nisiyoijua. Nikafikiri pia ninyamaze, nimwamini, kwa sababu nina kosa kwake. Lakini kosa ni langu. Aliyechora ni mimi. Haiwezekani chaki yangu ilipwe na wewe.

Hapo ndipo nilipokumbuka tena stesheni ya Mwanza. Nilisimama pale nusu siku na nikarudi na habari ya milango tu, kumbe kulikuwa na jambo jingine mbele ya macho yangu. Utalisomea huko na utalijua kunishinda, ila nikuambie nilivyoliona. Garimoshi lilikuwa tayari, abiria wamekaa, njia ni nyeupe, na dereva haondoki. Anasubiri karani amletee kipete kikubwa cha chuma chenye kifuko, na ndani yake kitu kama ufunguo. Nikamuuliza karani ni nini. Akanieleza kwamba reli ni moja na magarimoshi ni mengi. Kwa kila kipande cha njia kinatolewa kipete kimoja tu kwa wakati mmoja, na stesheni ya mbele haiwezi kutoa kingine mpaka hiki kifike. Dereva asipokishika mkononi haendi, hata bwana stesheni akimwapia kwamba njia haina mtu.

"Kwa hiyo hamwaminiani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Tunaaminiana sana, mwalimu. Ndiyo maana tunataka kukiona mkononi."

Nilidhani ananitania. Leo naona alikuwa ananieleza namna ya kushuku bila kumtukana mtu. Dereva hamshitaki karani wala karani hamshitaki dereva. Kazi imepangwa hivi kwamba hata mmoja wao akiwa mwovu, au amelewa, au amekosea tu, abiria anafika. Sisi ritongoni tulitafuta mwovu, na mazizi tuliyaacha nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo tangu juzi umeniona nikitoboa ukuta wa nyuma. Ulinicheka, ukasema, "Tata, baada ya miaka yote hii?" Mwita naye alicheka. Nilimwambia nataka kuwaona ng'ombe wangu uzeeni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kesho, kabla hakujapambazuka, utapita hapo, katikati ya zizi, mimi mbele na sanduku kichwani. Mbwa nitawafungia kwa bibi yako leo hii. Tutaifuata ile njia ya wapimaji mpaka barabarani, mbali na Nyarero, na lori la misheni litakupakia. Nimekwenda mwenyewe kuzungumza na dereva, sikumtuma mtu. Mama yako anajua. Atabaki kupika chai. Tutapita kwenye kigingi chekundu, na kama nitasimama kidogo pale usiniharakishe.

Siwezi kukuambia umwamini nani huko uendako. Sina rekodi nzuri. Ila ukikuta kwenye stesheni yoyote ya upande wa Saranda mzee mrefu anayeyasalimia mawe, mpe shikamoo yangu, ingawa tunalingana umri. Mwambie baba yake Bhoke amegeuza mlango. Asipojibu, usimlazimishe.

Nami nitarudi hapa jua likiwa limeshatoka. Mwita atakuwa ameamka, ameketi kwenye kigoda cha mama, anakunywa chai, na kamba yake iko kando. Nitamwambia umeshaondoka. Yule ng'ombe mwekundu na ndama wake nitampa asubuhi hiyohiyo, kwa ajili ya kijana wake, kwa sababu ya chaki. Hilo halitegemei chochote. Lakini nitamtazama usoni, maana sitakuwa na ritongo wala kiapo, nitakuwa na swali lake la kwanza tu. Akiniuliza kama ulikula kitu kabla ya kuondoka, nitajua nimemkosea ndugu yangu, na nitamwomba msamaha mbele ya mama yetu. Akiniuliza ulipita njia gani, nitammiminia chai nyingine, wala sitamjibu.

Ninakusikia umeacha kujigeuza. Lala kidogo.

Ni mimi baba yako,
niliyeketi karibu na mlango wa nyuma.